"Kitabu utakisoma ukishaolewa": mtaaluma wa shule yetu kanivuruga leo

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mtu mnamjua. Sitaji jina, sitaji shule, ila ukitamka "mtaaluma", yaani mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, hapa Dodoma, kuanzia Kikuyu mpaka Nzuguni kila mwalimu anageuka nyuma kuangalia kama anakuja.

Leo Kidato cha Tatu tulikuwa tunasoma riwaya ya Takadini. Tunasoma kabisa, kurasa kwa kurasa. Nakala ni sita na wanafunzi wanapita 80, kwa hiyo mmoja anasimama, anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Aliyesimama ni binti ambaye tangu Kidato cha Kwanza sijamsikia akisema zaidi ya "ndiyo mwalimu". Amefika pale Sekai anapoona hana jinsi, lazima amtoroshe mwanawe asije akauawa kisa kazaliwa na ualbino. Darasa kimya! Hata wale wa benchi la nyuma, ambao wakianza kelele Chamwino wanafunga madirisha, kimya. Na mbele kabisa, karibu na ubao kwa ajili ya macho yake, amekaa kijana mwenye ualbino, kashika tama, anasikiliza. Yule kijana wenzake walizoea kumtania. Leo hakuna aliyemtania.

Mara huyo kaingia. Hodi hakuna. Kaenda moja kwa moja kwa yule binti, kachukua kitabu mkononi mwake katikati ya sentensi, kakifunga, halafu anasema: "Kitabu utakisoma ukishaolewa. Sasa hivi soma uchambuzi."

Ukishaolewa! Mtoto wa miaka 16! Mbele ya darasa zima!

Kisha akatoa lile burungutu lake la kopi. Mnazijua. Dhamira, ujumbe, falsafa, migogoro, muundo, mtindo, na mwishoni "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi". Yaani mtoto hajafungua hata jalada, anaandika mwandishi kafeli wapi! Kopi ya kopi ya kopi, wino umefifia mpaka unasoma kwa kukisia, na kila moja 2,000. Nadhani ile ya kwanza ilipigwa chapa enzi za Wajerumani wanajenga reli.

Nikamwambia, "Mkuu, naomba amalizie angalau ukurasa." Akanijibu NECTA, baraza la mitihani, haiulizi ukurasa. Halafu akaondoka na kitabu! Kakikunja kama gazeti la jana, kakitia mfuko wa nyuma wa suruali, kakikalia huko ofisini. Sasa nakala ni tano. Na binti bado kasimama, mikono iko vilevile kama amekishika. Nikamwambia kaa. Hakukaa.

Riwaya hizi zinahusu vijana na zimewekwa kwa ajili ya vijana. Peter na Zita wa Watoto wa Mama N'tilie wanafukuzwa shule kwa sababu ya ada na sare. Darasani kwangu wapo wanaouza karanga na maji sokoni Sabasaba wakitoka shule, hawahitaji mimi wala kopi kuwaeleza "dhamira ya umaskini". Wanahitaji kusoma tu! Mtu anasoma, anajikuta mle ndani, anainua kichwa. Nimeona kwa macho yangu. Halafu anatokea mtu anamwambia ukishaolewa. UKISHAOLEWA!

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Katikati ya sentensi, jamani. Hata koma hakuisubiri.

Mwana wa Mbalawala: Nakaa mbele kabisa. Wajuzi waje.

Zabibu Chungu: Mleta uzi umetuandikia riwaya nzima, na wewe tukutafutie uchambuzi. Ulifanya nini kitabu kilipochukuliwa? Mwalimu mzima unanyang'anywa kitabu unakuja kulia huku?

Mleta uzi: Soma vizuri. Nilimwambia mbele ya darasa. Na kipindi kijacho tunaendelea palepale tulipoishia, kwa nakala tano au kwa moja. Hilo atake asitake.

Afisa Mtumba: Mimi nilipata A ya Kiswahili kwa uchambuzi mtupu. Riwaya sikugusa hata moja. Swali linakuja "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma", unamwaga hoja tatu kila kitabu, unatoka. Leo niko ofisi yenye kiyoyozi. Acheni kuwachelewesha watoto.

Bibi Kizaazaa: Afisa, ndiyo maana barua zenu tunazisoma mara tatu na bado hatujui tumeitwa au tumefukuzwa.

Chaki Nyeupe: Mimi uchambuzi ulinipeleka shimoni. Kopi yetu iliandika Zita ni mama yake Peter. Darasa zima tukaandika hivyo kwenye moko, mtihani wa majaribio. Aliyesahihisha alijua tumekula njama.

Dada wa Makole: Mwalimu pole sana. Mimi kilichoniuma ni hilo neno kwa binti. Na kwenye orodha hiyohiyo ya vitabu kuna Kilio Chetu! Mama yake Anna hataki mtoto aelezwe mambo ya ujana, anaona ni kumharibu, na mtoto anaharibikiwa kwa kutojua. Huyo mtaaluma anauza uchambuzi wa tamthiliya hiyo, halafu anamwambia binti angoje mume ndipo asome. Hata kopi zake mwenyewe hazisomi!

Mleta uzi: Dada wa Makole, umenielewa wewe peke yako. Na alisema huku anatabasamu. Hilo sikuliandika juu kwa sababu ya hasira. Alitabasamu!

Mzazi Mchovu: Hizo 2,000 ni za kwenu. Kwetu mtoto anarudi na karatasi: kopi ya riwaya, kopi ya tamthiliya, kopi ya ushairi, kopi ya majibu ya kopi. Kitabu chenyewe hatujawahi kuombwa kununua. Kwa hela niliyolipa stesheneri, yule mwenye mashine saa hizi anajenga Ihumwa.

Mwalimu wa Literature: Nyie wa Kiswahili mna nafuu, watoto wenu lugha wanaijua. Mimi nafundisha riwaya ya Kiingereza, mtoto anakwama neno la kwanza, wenzake wanacheka, basi, hasomi tena mpaka anamaliza shule. Kuna vitabu vya vijana vilivyoshinda Tuzo ya Burt, vya Kiingereza, vimeandikwa na Watanzania, vilikuwa vinagawiwa mashuleni. Kwetu vilifika. Vikafungiwa kabatini ofisi ya mkuu visichafuke. Nimeomba ufunguo mpaka nimechoka. Mchwa ndio wamevisoma, tena mpaka ukurasa wa mwisho.

Afisa Mtumba: Mchwa nao wanapata A?

Kijana wa Kondoa: Tuseme ukweli, walimu wenyewe wangapi wamesoma? Wetu alikuwa anakuja na uchambuzi uleule, anatusomea, tunanakili. Ukiuliza "mwalimu, iliishaje?" anakutuma chaki.

Zabibu Chungu: Huyo wa kwetu alikuwa hatumi chaki. Anakutuma dukani, na chenji hupewi.

Mpangaji Nkuhungu: Hela ya kopi mnaita tatizo? Njooni muone mwenye nyumba wangu. Anataka kodi ya miezi sita mkupuo, na geti anafunga saa tatu usiku. Nikichelewa nalala kwa jirani. Mimi ni mtu mzima nina mke!

Bibi Kizaazaa: Miezi sita una bahati. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024, kila mwenye vyumba viwili Dodoma anajiona yuko Masaki ya matajiri kule Dar. Nimeulizwa kama nina mdhamini. Wa chumba! Cha bati lisilo na dari!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kitabu bado kiko kwake. Nitakifuata mwenyewe asubuhi, na nikikikuta chini ya kikombe cha chai mtasikia makelele yangu huko huko mliko.

Mzazi Mchovu: Mpangaji, Nkuhungu upande gani? Usije ukawa kwa yule mama mwenye mbwa wawili.

Mpangaji Nkuhungu: Huyo huyo! Unamjua?

Mzazi Mchovu: Nimekaa pale. Alinikata hela ya mlango ambao niliukuta umevunjika.

Kijana wa Kondoa: Huyo mama alimdai kaka yangu hela ya vumbi. Eti upepo wa mwezi wa nane umeharibu rangi ya ukuta na yeye alikuwa anaacha dirisha wazi.

Mwana wa Mbalawala: Chumba kipo Ipagala, kodi miezi mitatu, hakuna mbwa. Anayetaka aje inboksi. Madalali kaeni mbali.

Mpangaji Nkuhungu: Maji yapo? Na geti linafungwa saa ngapi?