Mama ananunua kila anachokiona kwenye TV. Nimzuie vipi bila kumvunjia heshima?

MamaWawili_Reading

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na wa kucheka acheke kimoyomoyo.

Mama yangu tunaishi naye hapa Reading, Uingereza. Alikuja kunisaidia kulea. Sasa watoto wote wawili wanakwenda shule, mimi na mume wangu tuko kazini, yeye anabaki na nyumba na TV, kwenye chaneli ile ya kunadi bidhaa unazoagiza kwa simu. Jumamosi nilifungua stoo ya chini ya ngazi nikitafuta pampu ya baiskeli, maboksi yakanidondokea. Mashine mbili za kupigia deki kwa mvuke. Seti ya masufuria ambayo jikoni hatujawahi kuiona. Mito sita. Krimu za uso, mkufu, na jiko la kukaangia bila mafuta wakati tunalo jingine mezani. Mengine hata utepe haujabanduliwa.

Nikachukua taarifa ya benki yake, nikajumlisha: pauni 1,140 kwa miezi minne. Hizo ni pesa tunazochanga mimi na ndugu zangu ili asiwe wa kuomba omba.

Nilipomuuliza mashine mbili za nini, akanijibu bila wasiwasi: "Mwanangu, zilikuwa zimebaki mia mbili tu." Utadhani kaokoa mtoto kwenye mafuriko.

Hapo nikakosea. Nilipandisha sauti, nikamwambia anatapeliwa kama mshamba aliyeshuka Ubungo leo asubuhi. Siku ya pili hii anakula chumbani kwake. Kaka yangu aliyeko Tanga anasema nimnyang'anye kadi yaishe. Naona haya. Huyu ndiye aliyeshika pochi ya nyumba nzima baba alipofariki, na hatukulala njaa.

Maswali yangu: hivi vitu vinarudishika? Ile saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye skrini ni ya kweli? Na nitaanzaje kuongea naye?

PilipiliHoho

Futa hiyo chaneli, mwambie mitambo imeharibika. Kesi imekwisha.

BabaShani

@PilipiliHoho mama wa watu si mtoto wa chekechea. Atajua tu, halafu utakuwa na kesi mbili.

Dada, mimi nimekulia Mwananyamala. Mnasahau mnada wa vyombo? Gari linaegeshwa, spika juu, jamaa anapanga masufuria: "Nimesema elfu hamsini? Sijasema! Arobaini? Sitaki! Thelathini, naongeza na chupa ya chai, naongeza na beseni, nani wa kwanza?" Na kwenye umati kuna wenzake wawili wanaojifanya wateja, wanawahi kunyoosha noti. Marehemu mama alikuwa mwalimu wa hesabu, tena mkali, na alirudi na hotpoti tatu siku moja. Kwa hiyo usiseme mshamba. Tofauti ni kwamba mnada wa Mwananyamala jua likizama wanafunga. Huo wa sebuleni kwako haufungwi.

SimuMezani

Mie wa Mombasa, niko Birmingham. Nilipokea simu za oda za chaneli moja ya aina hiyo, sitaitaja, msimu mzima wa Krismasi. Acha nikwambie lilivyo.

Mtangazaji ana kidude sikioni. Chumba cha pili kuna mtu anatazama mauzo yanavyopanda na kushuka dakika kwa dakika. Akisugua zulia lenye doa na simu zikalia, ataambiwa rudia. Ndio maana waona zulia lile lile lasuguliwa mara tisa. Simu zikipoa, aanza kutaja idadi iliyobaki. Zikipoa zaidi, aletwa mteja wa kwenye simu kusema ameinunua mwaka jana na maisha yake yamebadilika. Huyo mteja huwa ni mtu wa kweli, ila wale waliokasirika hatukuwapitisha hewani.

Saa na idadi, mara nyingine ni kweli, kwa maana wametenga mzigo fulani kwa kipindi kile. Lakini kipindi kuisha si bidhaa kuisha. Kuna mashine niliiuza "mara ya mwisho" wiki tatu mfululizo.

Sasa bei. Tarakimu kubwa kwenye skrini huwa ni fungu moja la malipo. Waona pauni 24.75, na chini yake, kwa herufi za sisimizi, mara nne. Hiyo ni 99. Bado kusafirisha.

Na sisi wa simu tulikuwa na karatasi yetu: mteja akishaagiza, kabla hajakata, mtajie kingine. Ya pili kwa bei pungufu, ampe dadake. Nafikiri hapo ndipo mamako alipopata mashine ya pili, na aliyempokelea simu pengine alikuwa kijana kama mie, anatafuta kodi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa bahati. Mwaka 1977 huko Florida, redio moja ilimdai mtu pesa za matangazo, hana, akalipa kwa vifungulia makopo vya umeme 112. Mtangazaji akavinadi hewani kwa dola 9.95 kimoja, vyote vikaenda. Kufika 1982 wakawa na chaneli ya TV. Hivyo 112 nadhani ndivyo vya mwisho vilivyokuwa vimebaki kweli.

KantiniYaSheria

Mimi si wakili, najitolea kwenye dawati la ushauri. Dada, kesho asubuhi panga maboksi kwa tarehe yalipofika, mengine baadaye.

Kitu kilichonunuliwa kwa simu au mtandaoni hapa Uingereza kina siku 14 za kughairi, zinaanza kuhesabiwa siku inayofuata ile mzigo ulipofika. Ni kanuni za 2013. Huhitaji sababu. Mama awaambie kwa maandishi kwamba anaghairi, kisha ana siku nyingine 14 za kuvirudisha. Wakishavipokea wana siku 14 za kurudisha pesa, pamoja na nauli ya kawaida ya kuvileta. Nauli ya kurudisha mara nyingi ni juu yenu. Chaneli nyingi hutoa muda mrefu kuliko wa sheria kwa hiari yao, kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi kabla ya kukata tamaa na ya zamani.

Krimu ambazo lakiri ya usafi imeshafunguliwa zisahau. Sufuria iliyopikiwa ubwabwa wanaweza kukukata thamani. Kama kuna kifaa kibovu, hiyo ni njia nyingine: sheria ya 2015 inakupa siku 30 za kukikataa na kudai pesa yote.

Kuhusu saa: kudanganya kwamba kitu kitapatikana kwa muda mfupi mno, ili mtu asipate nafasi ya kufikiri, kumepigwa marufuku tangu 2008, na sheria mpya ya 2024 imelibeba katazo hilo. Ukiwakamata wanauza "mara ya mwisho" kila wiki, andika tarehe na saa, peleka malalamiko ASA, wanaosimamia matangazo. Hawatakurudishia pesa, ila wanaweza kuamuru tangazo liondolewe.

BiMkubwa_Unguja

Assalam alaykum. Wanangu mmesema mengi ya saa na sheria. Mimi nataka kumjibu huyu binti swali lake la tatu, kwa sababu mimi ndiye mamake. Si kwa kumzaa, kwa kununua.

Nilipokuja kwa mwanangu London, kutwa nzima hapana mtu wa kunisemesha. Jirani akinikuta mlangoni anasema habari ya mvua, anaingia ndani. Yule bibi wa kwenye TV alikuwa akisema nami polepole, anashika sufuria, anasema jina lake, anasema tena. Kiingereza changu nilikipata pale, si darasani. Nikipiga simu, wananiuliza hali na wananiita kwa jina. Mwanangu alikuwa akirudi saa mbili usiku ananiuliza, "Umekula?" basi. Boksi likija napo mlango unagongwa, ni mgeni huyo.

Na kila nilichonunua kilikuwa na mwenyewe. Hii ya wifi yangu Makunduchi, hii ya mtoto wa ndugu yangu anaolewa. Muulize mamako mito sita ni ya nani. Utakuta anayo orodha.

Mwanangu hakuninyang'anya kadi. Alinipa daftari. Akasema, "Mama, ukipenda kitu andika jina na bei yote, na nauli, Ijumaa tukae tuagize pamoja." Ijumaa ya kwanza nilikuwa nimeandika vitu saba. Nikavisoma kwa sauti, vitano nikaona haya mwenyewe. Na hiyo Ijumaa tulikaa saa nzima, ndiyo niliyokuwa naitaka.

Kamuombe radhi kwanza. Hilo neno la mshamba lina uzito.

MamaWawili_Reading

Wakuu, nimerudi. Ahsanteni sana, na wewe Bi Mkubwa shikamoo, nimekusoma nikiwa kwenye basi nikalia mbele za watu.

Nilimwomba radhi. Hakusema kitu, akaniuliza kama nimekula. Nikamuuliza mito ni ya nani. Orodha anayo kweli, nyuma ya kalenda ya msikitini, majina kumi na moja! Mashine moja ya deki ni yangu, kanihurumia mgongo. Nilikuwa sijui kabisa kwamba ananisikia nikilalamika mgongo.

Maboksi sita yalikuwa bado ndani ya muda. Alitaka awapigie mwenyewe, nami nikaandika barua pepe pembeni ili pawe na ushahidi. Kijana wa kwenye simu akajaribu kumbadilishia na kitu kingine, mama akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba amelea watoto watano na anajua mtu anapozungushwa. Jumatatu tulikwenda posta pamoja. Mkufu aliufungua boksi mara mbili kabla ya kuukabidhi.

Daftari tumenunua. Amelikubali kwa sharti kwamba na mimi niandike ninavyoagiza kwenye simu, maana ameona ile saa ya bei ikihesabu kwenye viatu vyangu.

Yale yaliyopita muda anataka yaende Tanga na kontena. Hiyo mashine ya mvuke na jiko vitafanya kazi kule, au ndio nitume mapambo?

SimuMezani

Vyafanya. Volti ni 230 huku na kule, na plagi ni ile ile ya pini tatu. Funga jiko kwenye mito, usilipe boksi la ziada.