Msaada: seting za nova-compute (huduma ya OpenStack inayosimamia VM kwenye kila hosti) zinajirudisha zenyewe, niziweke wapi?

fundi_bits:
Wakuu habari za majukumu. Nina klaudi binafsi ya OpenStack (programu ya kujijengea klaudi), imepandishwa kwa Kolla-Ansible (zana inayoiweka ndani ya kontena), hosti zote, yaani seva zinazobeba VM (mashine pepe), ni za KVM ila ziko za aina mbili, kuna za zamani na kuna mpya zenye RAM ya kutosha. Nataka zile za zamani zisibebeshwe VM nyingi, yaani nishushe cpu_allocation_ratio (CPU za VM ziruhusiwe kuzidi CPU halisi mara ngapi) na nitenge RAM ya hosti yenyewe, sasa nikiedit /etc/kolla/nova-compute/nova.conf nikaristati kontena inakubali vizuri tu, ila mwenzangu akija kurun reconfigure (komandi ya Kolla ya kusambaza konfigi upya) kila kitu kinarudi kama mwanzo. Halafu kuristati mchana naogopa VM za watu zisije zikazima. Nyie mnafanyaje?

kontena_mbovu:
Mkuu hilo faili achana nalo, linaandikwa upya kila reconfigure ikipita. Nenda kwenye mashine unayorunia deploy, ndani ya /etc/kolla/config/nova/ fungua folda yenye jina la hosti, humo weka nova.conf yenye mistari yako TU, usikopi faili zima:

[DEFAULT]
cpu_allocation_ratio = 4.0
reserved_host_memory_mb = 8192

Kolla itaichanganya na ya kwake na yako ndo inashinda. Ukitaka ziguse kompyuti zote basi tumia nova-compute.conf kwenye folda hiyohiyo ya nova. Kisha reconfigure kwa tagi ya nova na --limit, anza na hosti moja uone.

mama_seva:
Hiyo RAM usiidharau, ukiacha kama ilivyo inatengwa MB 512 tu, sasa hosti yenye VM kibao 512 inaenda wapi, ikibanwa kernel inaanza kuua qemu na anayelia ni mteja.
Kuhusu kuristati usihofu, VM ni proses ya qemu (programu inayoiendesha) iko chini ya libvirt (inayosimamia hizo proses), nova-compute ikidondoka VM zinadunda kama kawaida. Shida ni ile VM iliyokuwa inaundwa dakika hiyohiyo, inaweza kuishia ERROR.

bwana_log:
Naongezea, ukishaweka cpu_allocation_ratio kwenye konfigi usihangaike kuibadilisha tena kupitia placement (huduma ya OpenStack inayotunza hesabu ya rasilimali za hosti), nova-compute inakuja kuifuta ndani ya kama dakika moja hivi. Anayetaka kucheza nayo kwa API atumie initial_cpu_allocation_ratio, ila hiyo inasomwa hosti inapojisajili mara ya kwanza tu, kwa hosti yako ambayo ipo tayari haikusaidii. Na VM zilizozidi haziondolewi, sema mpya hazitapangwa hapo.

kontena_mbovu:
Na maadamu una CPU za vizazi viwili, host-passthrough kwenye cpu_mode (VM kupewa CPU ileile ya hosti) usijaribu, live migration (kuhamisha VM ikiwa inawaka) kutoka mpya kwenda ya zamani itakugomea.

fundi_bits:
Asanteni sana wakuu, imekubali, nimecheki na openstack resource provider inventory list inasoma 4.0. Ila hosti moja imegoma, bado 16.0 na reconfigure haikulalamika popote.

mama_seva:
Folda ya hiyo hosti umeiitaje? Jina lazima lifanane herufi kwa herufi na la kwenye inventori (faili la Kolla lenye orodha ya hosti), kama kule ni compute03 na wewe umebandika na domeini yake, Kolla inaipita kimyakimya.