Stesheni ya zamani ya Corinth, Mississippi, inafaa kupitia na familia?

MamaWawili_Memphis
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao tunatoka Memphis kwenda harusini Huntsville kwa gari, tunafuata ile barabara ya 72, na naona inapita Corinth pale wanaposema kuna stesheni ya zamani ya treni imefanywa makumbusho. Tuna mtoto wa miaka minane na mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga, baba mkwe marehemu alikuwa fundi wa reli kule kwa hiyo mama mambo ya treni anayapenda mno. Je ni jengo tu la kupiga picha na kuondoka au kuna cha kuona? Mama miguu inamsumbua, hawezi kutembea sana.

Mtaruma
Pitieni dada, msiwaze mara mbili. Jengo lenyewe ni la baadaye, sio lile la wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, ila mahali ni palepale na reli mbili bado zinakatana hapohapo nje, moja ya mashariki magharibi, nyingine ya kaskazini kusini. Ile ya kwanza ilikuwa Memphis and Charleston, ilikamilika 1857 na ndiyo iliunganisha mto Mississippi na bahari ya Atlantiki, ya pili Mobile and Ohio iliyotoka Mobile ikapanda mpaka Kentucky. Mji wote umezaliwa na hiyo njia panda, mwanzo uliitwa Cross City.

Sasa muelezee huyo mtoto hivi: 1862 baada ya vita vya Shiloh, ambako watu zaidi ya 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea kwa siku mbili tu, jeshi la Kaskazini la zaidi ya watu 100,000 likaja polepole kuizingira Corinth kwa sababu ya reli hizo. Jenerali Beauregard wa Kusini akaona hawezi, akaamua kuondoka usiku, sasa kila treni tupu ikiingia stesheni askari wake wanapiga vigelegele na kushangilia kama vile wenzao wamefika kuwaongezea nguvu, kumbe treni inakuja kuwabeba! Asubuhi ya Mei 30 wa Kaskazini wanaingia, mji mtupu. Ukisimama pale nje unaielewa hiyo habari vizuri kuliko kuisoma popote, na treni za mizigo bado zinapita, mama atasikia honi.

Kaka_Chattanooga
Naheshimu maoni ya mkuu hapo juu ila mtoto wa miaka minane atachoka mapema, makumbusho ni madogo. Mkipata wikiendi nyingine njooni Chattanooga, kule Tennessee Valley Railroad Museum mnapanda treni kabisa, na stesheni kubwa ya 1909 bado imesimama. Mtoto anataka kupanda, sio kusoma vibao.

BintiSaidi
Kaka Chattanooga ni mbali na njia yao, hawa wanapita Corinth tayari. Mimi nasema hivi, stesheni wapeni saa moja ila MSIONDOKE bila kwenda Contraband Camp, ni mwendo mfupi wa gari. Watu weusi waliotoroka utumwa walikimbilia Corinth wakajenga kijiji chao, nyumba, kanisa, shule, hospitali, wakalima pamba na mboga wakauza, na wanaume wengi wakajiunga na jeshi la Kaskazini. Leo kuna sanamu za shaba, mama anafundisha mtoto kusoma, askari kashika bunduki. Habari za reli za Kusini bila hawa ni nusu habari, maana watumwa ndio walichimba tuta na kubeba mataruma, na kwenye majina ya kampuni hawamo. Inaniuma watu wanapiga picha stesheni halafu wanaondoka. Na kwa wapenda reli, jenerali Grenville Dodge aliyewapa silaha walinde kambi ndiye baadaye alikuwa injinia mkuu wa Union Pacific, ile reli ya kuvuka Marekani iliyokamilika 1869.

Mama akichoka mpelekeni Civil War Interpretive Center, ni bure, ina mabenchi na kuna uwanja wa maji yanayotiririka kati ya mawe, mtoto atapapenda.

MamaWawili_Memphis
Jamani asanteni sana, hiyo ya kijiji cha waliotoroka sikuijua kabisa, tutaenda. Na chakula? Sisi nguruwe hatuli.

Mtaruma
Watawaambia mle slugburger, aina ya baga, ndiyo sifa ya mji, lakini ulizeni kwanza nyama gani maana ile ya asili huchanganywa na unga au soya na wengine hutia ya nguruwe. Borroum's, duka la dawa la tangu 1865, wana kaunta ya soda na aiskrimu, mama na mtoto wakae hapo. Na makumbusho ya stesheni pigeni simu kabla hamjatoka Memphis, harusi zenu mara nyingi ni wikiendi msije mkakuta wamefunga.