Plastiki nyeusi za gari zilizopauka: moto, mafuta, rangi au dawa inayokauka?

Mkaaji wa Kampemba

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kutoka Lubumbashi, Kongo. Nina Hilux nyeupe ya milango minne, ya mwaka 2008, ambayo mitambo yake hainipi shida, ila plastiki zake nyeusi zimepauka hadi zinafanana na jivu la makaa. Nazungumzia matao yanayozunguka magurudumu, kona za bampa ya nyuma, na kile kipande kirefu kilicho chini ya kioo cha mbele, mahali wipa zinapolala. Gari hulala uani bila paa, na ubavu wake wa kushoto ndio unaopokea jua la alasiri, kwa hiyo umeharibika kuliko wa kulia. Juzi nilifungua kibao cha namba ili nibadilishe skrubu, nikakuta nyuma yake mstatili mweusi tititi, kama siku gari lilipotoka kiwandani. Tangu hapo sijatulia.

Nimeambiwa njia nne. Vijana wa lavaji (wanakoosha magari) hunipakia mafuta ya silikoni kila Jumamosi. Fundi mmoja wa bodi anataka kuzipitisha kwenye moto. Mwingine anataka kupiga rangi nyeusi isiyong'aa. Na shemeji yangu aliyeko Ndola, Zambia, anasema ipo dawa ya majimaji inayopakwa mara moja, ikakauka kama verni (vanishi) na kukaa hata mwaka mzima. Mimi naenda Likasi karibu kila juma, na njia za vumbi zinazoingia kwenye karieri (machimbo) mnazijua. Naomba wenye uzoefu walinganishe, lakini kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake.

Fundi wa Kenya

(Kwa wasionifahamu: Kenya ni komini, yaani wilaya ya mji, yetu hapa Lubumbashi, si nchi.)

Nitaanza na plastiki yenyewe, kwa sababu wengi huipaka dawa bila kujua wanapaka nini. Vipande vingi vya namna hiyo ni polipropilini iliyochanganywa na aina ya mpira ili visipasuke vikigongwa, na weusi wake ni masizi laini yaliyotiwa ndani ya plastiki kiwandani, si rangi iliyopakwa juu. Masizi hayo hayapauki. Kinachoharibika ni plastiki inayoyashika: mionzi ya jua isiyoonekana kwa jicho hukata minyororo ya plastiki kwenye ngozi ya juu kabisa, ngozi hiyo inakuwa ungaunga wenye nyufa ndogo zisizohesabika, na nyufa hizo hutawanya mwanga hadi sisi tuone kijivu. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na tangu Mei hadi Septemba hatuoni mvua wala wingu la maana, kwa hiyo gari lisilo na paa linachomwa kutwa.

Sasa, ndugu wa Kampemba, chukua kopo la maji umwagie tao la kushoto. Likigeuka jeusi likiwa limelowa, kisha likarudi kijivu likikauka, ujue maji yameziba zile nyufa kwa muda, na dawa yoyote inayoweza kuziba nyufa itakusaidia. Tofauti ni itakaa siku ngapi. Lakini ukiona mabaka meupe hata likiwa limelowa, huenda si jua kabisa, bali ni nta ya kung'arishia bodi iliyokaukia kwenye vinyweleo vya plastiki. Hiyo huondoka kwa maji ya moto, sabuni na mswaki, au hata kwa ufutio wa penseli wa mtoto wa shule. Niliwahi kupokea gari ambalo mwenyewe alikuwa ameshatenga pesa za kununua matao mapya, nikamrudishia pesa zake na ufutio.

Mama wa Ruashi

Nimetumia mafuta ya silikoni kwa miaka miwili, kwa hiyo naomba niyasemee. Siku ya kwanza yanapendeza, na mtu unajisikia umenunua gari jipya. Siku ya tatu, ukishafuata lori moja tu kwenye njia isiyo na lami, vumbi jekundu linakuwa limeganda juu ya mafuta, na ukipitisha kidole kinatoka na tope la rangi ya tofali. Mbaya zaidi ni kwamba vumbi hilo linazama kwenye vinyweleo, hivyo baada ya miezi kadhaa plastiki zangu hazikuwa kijivu tena wala nyeusi, zilikuwa kahawia. Mvua za Novemba zilipoanza, mafuta yalitiririka kwenye milango myeupe na kuacha michirizi ambayo niliifuta hadi mkono ukauma.

Kwa gari linalolala ndani na kutembea kwenye lami tu, sina ubishi nayo. Kwa gari la njia ya Likasi, hapana. Papa Fundi, ni kweli kwamba silikoni inakula plastiki?

Fundi wa Kenya

Mama, silikoni yenyewe haili plastiki. Adui zake ni wapiga rangi, kwa sababu ikibaki hata kidogo kwenye bodi, rangi mpya inajikunja na kufanya vishimo vya duara kama macho ya samaki. Kwa hiyo anayefikiria kupiga rangi mwaka huu aache kabisa kupaka silikoni leo.

Msafiri wa Kasumbalesa

Mimi nilitumia moto, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu ni njia inayovutia na kuumiza kwa wakati mmoja. Niliazima kile kifaa cha umeme kinachopuliza hewa ya moto, nikakishika kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye bampa, nikawa nakisogeza bila kusimama, kama mtu anayepiga pasi shati. Ni kitu cha ajabu kukitazama: kijivu kinakimbia mbele ya hewa, na nyuma yake weusi unatokea wenyewe, bila dawa, bila mafuta. Kwa nusu saa nilikuwa nimemaliza bampa nzima ya mbele na majirani wamekusanyika.

Kisha simu ikalia. Niligeuza shingo, sidhani zilipita sekunde tano, na niliporudisha macho, sehemu yenye ukubwa wa sahani ya chai ilikuwa imelainika, ule mkwaruzo wa asili wa plastiki umefutika, na pale panang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ukingo wake umejikunja hadi leo, na kila anayeniuzia kitu mpakani huniuliza niligonga nini. Sehemu nyingine zilibaki nyeusi kiangazi chote, halafu mwaka uliofuata kijivu kikaanza kurudi, kwa kuwa sikuweka kinga yoyote juu yake.

Kijana wa Katuba

Kaka, pole kwa bampa. Sisi nyumbani tunapaka oili chafu inayotoka kwenye vidanji, yaani injini inapobadilishwa oili. Haina gharama, na plastiki ni nyeusi kuliko zenu zote.

Mama wa Ruashi

Na suruali za wageni wenu ni za rangi gani, mwanangu?

Fundi wa Kenya

Mdogo wangu, suruali ni dogo. Mipira inayoziba milango na vioo ni ya aina isiyovumilia mafuta ya petroli na oili: hunywa mafuta, huvimba, hulegea. Oili ikitiririka kutoka kwenye kipande cha juu hadi kwenye mpira wa kioo, mvua itakutembelea ndani ya gari. Achana nayo. Mawese na siagi ya karanga, ambavyo nimeona watu wakivisifu, haviumizi mipira haraka hivyo, lakini vinanasa vumbi kuliko silikoni na vinaita sisimizi.

Kuhusu moto: polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, ilhali kifaa kile kinaweza kutoa hewa ya zaidi ya nyuzi 500, kwa hiyo sekunde tano za Msafiri zilikuwa nyingi. Moto hauongezi kitu kwenye plastiki. Unayeyusha ngozi iliyopasuka ili ijifunge, yaani unatumia akiba iliyopo. Mimi sikubali kuupitisha kwenye kipande kimoja zaidi ya mara mbili, na baada yake lazima kiwekewe kinga. Wanaotumia shalumo (tochi ya gesi) yenye mwali kando ya rangi na mipira, hao siwaelewi kabisa.

Na rangi nitaisema kwa ufupi. Polipropilini ni plastiki isiyopenda kushikwa; ukiipiga rangi bila dawa maalumu ya kushikiza, itabanduka kama ganda la kitunguu. Hata ikishikizwa vizuri, changarawe za njia ya karieri zitaitoboa, na kila tundu litaonyesha kijivu chini yake. Kisha huna njia ya kurudi nyuma, kwani utakuwa umejifunga kupiga rangi kila mara.

Mkongwe wa Bukavu

Huku kwetu mvua inanyesha karibu miezi tisa, kwa hiyo tatizo letu ni tope kuliko vumbi, na silikoni haimalizi hata juma. Mimi nilitumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya maseremala, ambayo tofauti na mawese hukauka na kuwa ngozi ngumu. Yalikaa miezi minne hivi, yakawa na rangi ya manjano kidogo pembeni. Kama kuna atakayejaribu, nina ombi moja: kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa pembeni ya garaji. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje hadi kikauke, au kilowanishe kwa maji.

Mkaaji wa Kampemba

Nimerudi baada ya miezi miwili, na nawashukuru wote. Maji ya Fundi yalionyesha weusi kila mahali isipokuwa kona moja ya bampa, hivyo nilimwagiza shemeji ile dawa inayokauka. Kupaka kwenyewe kulichukua dakika arobaini. Maandalizi yalichukua asubuhi nzima. Nilisugua kwa sabuni na mswaki hadi maji yaliyotoka mekundu yakatoka meupe, nikaacha plastiki ikauke, nikaifuta kwa alkoli mara tatu, nikaweka utepe wa karatasi kwenye rangi nyeupe, kisha nikapaka kivulini, kidogo kidogo, nikifuta kilichozidi kabla hakijakauka. Siku nzima iliyofuata gari halikuguswa na maji.

Nimeshakwenda Likasi mara saba. Vumbi linakaa juu, ndiyo, lakini linakaa kavu, na kitambaa kikavu kinaliondoa lote. Hapo ndipo naona tofauti kubwa kuliko hata huo weusi: mafuta yote tuliyoyataja, ya silikoni yakiwemo, isipokuwa yale ya kitani, yanashika vumbi kwa sababu yanabaki mabichi, ilhali hii imekuwa ngumu.

Haikuwa bila dosari. Nyuma ya gurudumu la kushoto, mahali vijana wa lavaji walipokuwa wakimiminia silikoni bila kupima, dawa imebanduka kwa mabaka yenye ukubwa wa sarafu. Nilifuta pale mara tatu kama kwingine, kumbe palihitaji mara sita. Ubavu wa kulia nitaufanya Jumamosi hii kabla mvua hazijaanza, na safari hii nitaanza na pale nyuma ya gurudumu. Ile kona ya bampa nitampelekea Fundi aipitishe moto yeye mwenyewe, simu yake ikiwa imezimwa.

Kile kipande cha chini ya kioo nimekiacha. Nilipokuwa nakisugua kilipasuka chenyewe katikati, kikavu kama biskuti, na nimeshaagiza kingine.