Mjadala: Pengo la mishahara ya wanawake na wanaume lipimwe vipi?

Mizani: Uingereza tangu 2017 mwajiri mwenye watu 250 au zaidi hutangaza pengo la wastani na pengo la mshahara wa katikati, yaani wa mtu anayeangukia katikati mishahara ikipangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa. Tukiruhusiwa kimoja tu, tuchukue kipi? Chukua ofisi ya wanaume watano: wanne wanapata 10, bosi 60. Wanawake watano, kila mmoja 10. Kwa wastani mwanamke anapata nusu ya mwanamume. Kwa mshahara wa katikati, pengo hakuna.

MsemaKweli: Vyote bure. Daktari unamlinganishaje na karani? Wachumi Oaxaca na Blinder walionyesha njia tangu 1973: unatenga sehemu inayoelezwa na elimu, uzoefu na aina ya kazi, unabaki na isiyoelezwa. Hiyo ndogo inayobaki ndiyo pengo. Mengine ni kelele za wasiojua hesabu.

BiTausi: Hesabu naifundisha. Kelele ni zipi?

Mizani: Jamani, turudi kwenye wastani…

BiTausi: Ngoja kwanza, ajibiwe. Ukiingiza cheo kwenye hesabu, na cheo chenyewe mwanamke alinyimwa, umeufuta ubaguzi kwa mkono wako. Kwenye ofisi hiyo hiyo ya Mizani, ukiweka kigezo cha “bosi” pengo linakuwa sifuri. Nani alipewa kile kiti na kwa nini, hakuna tena anayeuliza.

MsemaKweli: Hasira za nini, mwalimu? Na hiyo isiyoelezwa si ubaguzi mtupu, imebeba kila ambacho hatukukipima. Isitoshe, wengi wenyewe hupunguza kazi wakishazaa.

MamaPacha: “Wenyewe”! Mimi nilirudi kutoka uzazi nikakuta wateja wangu wamegawiwa wenzangu. Sikupunguza kitu, nilipunguziwa. Huyu mama aliyepata Nobel ya uchumi 2023, Claudia Goldin, kaonyesha kwamba katika nchi tajiri pengo kubwa sasa liko ndani ya kazi ile ile, na linafunguka akizaliwa mtoto wa kwanza.

Jongoo: Kuna na utafiti wa Denmark. Baada ya mtoto wa kwanza kipato cha mama kinashuka, na miaka mingi baadaye bado kiko chini kwa karibu asilimia 20. Cha baba hakitikisiki.

MsemaKweli: Baba naye anakesha! Nimelea wangu wawili, msinifanye mgeni nyumbani kwangu.

MamaPacha: Umekesha, kaka, sikatai. Mshahara wako ulipungua?

MsemaKweli: Haukupungua. Lakini likizo niliyopewa ilikuwa ya siku chache tu, nayo niliiomba mara mbili. Hilo mbona hakuna anayelipima?