Mjadala: SADC yenye askari lakini haina mlango wa raia kushtaki

Ndugu zangu wa Kusini, jana kijiweni hapa Mtwara watu nusura wakunjane. Walio wengi walisema sheria za kimataifa zimeshakufa, wakubwa wanafanya watakavyo, kwa hiyo tushike hamsini zetu. SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya nchi za Kusini mwa Afrika, ni posho na picha ya pamoja. Mimi nakataa.

Mjomba wangu alikuwa akivuka Ruvuma pale Kilambo na sabuni na mafuta ya kula. Oktoba 2020 wavamizi wenye silaha kutoka Msumbiji wakaingia kijiji chetu cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mtumbwi ukapinduliwa chini ya mwembe, ukakaa hapo mpaka mbao zikaanza kuachana. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma, kule Msumbiji. Mmakonde wa kule na wa huku ni ndugu, kwa hiyo moto ule ulikuwa wetu. Nani angeuzima peke yake?

Ni kweli Rwanda ilitangulia kupeleka askari, kwa makubaliano yake na Maputo. Lakini Julai 2021 SADC nayo ilipeleka kikosi, SAMIM, na askari wetu wakiwemo, hadi 2024. Kiliingia kwa kikao cha wakuu wa nchi na kwa ridhaa ya Msumbiji. Jirani hakuvuka mto kibabe akisingizia magaidi. Huo ndio utaratibu ninaoutetea, na duniani leo si jambo dogo.

Kinachoniuma ni kingine. SADC ilikuwa na mahakama yake Windhoek, Namibia, ambako raia aliweza kuishtaki serikali. Mwaka 2008 iliwapa ushindi wakulima walionyang'anywa mashamba Zimbabwe. Harare ikagoma. Wakuu wa nchi, badala ya kumbana mwenzao, wakaisimamisha mahakama mwaka 2010. Protokali ya 2014, yaani mkataba mpya wa mahakama hiyo, ikabakiza kesi za nchi kwa nchi tu. Wazee wetu walioikaribisha FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, pale Nachingwea hawakubeba mzigo ule ili marais wapate chama cha kulindana.

Kwa hiyo sisemi tujitoe. Nasema Tanzania, iliyoweza kupeleka vijana wake ng'ambo ya Ruvuma, isimame kwenye kikao kijacho idai raia arudishiwe mlango ule. Anayeona haiwezekani alete sababu, ila kwanza anijibu hili: mjomba akinyang'anywa mzigo wake ng'ambo na mahakama za kule zisimsikilize, aende wapi?