Nataka kubaki na vitu vichache baada ya muvi hizi, ila nyumbani kuna kakikwazo. Naombeni ushauri wakuu

Mwanga_Hafifu:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu mzima mwenye familia, akili zangu timamu, ila siku hizi usingizi hauji na nahitaji mawazo.

Kwa muda sasa nimezama kwenye muvi za maisha ya watu wa kweli. Nilianza na Gandhi, ile ya 1982 aliyocheza Ben Kingsley. Nikahamia Into the Wild, ya yule kijana Christopher McCandless aliyetoa akiba yake, takriban dola 24,000, kwa shirika la Oxfam, akatelekeza gari jangwani, akachoma noti alizobaki nazo na kushika njia. Halafu The Pursuit of Happyness. Kila nikimaliza moja natazama sebule yetu naona bohari. Kabati halifungi, vyombo vya wageni ambao hawaji, nyaya za vifaa ambavyo hata hatunavyo tena.

Nimeamua kuishi na vitu vichache na nimeshaanza. Maswali yangu: mtu unaendeleaje bila kurudi nyuma? Na muvi zipi nyingine za aina hii zitanitia nguvu? Kuna kakikwazo kadogo nyumbani lakini hako tukaache.

Kichekesho:
Hako kakikwazo ndiko kamenileta. Siti ya mbele imeshakaliwa, wengine simameni.

SitiYaNyuma:
Karibu kwenye chama cha wapenda muvi, mkuu. Tafuta La noche de 12 años, ya Álvaro Brechner, 2018. Ni habari ya José Mujica na wenzake wawili waliofungwa na utawala wa kijeshi wa Uruguay, wakawekwa kila mmoja peke yake miaka na miaka, wanahamishwa kambi hadi kambi. Humo hakuna anayechagua kuacha vitu. Wananyang'anywa kila kitu, hata ruhusa ya kuongea. Mujica alitoka 1985, akaja kuwa rais 2010 mpaka 2015, na bado akakataa kuhamia ikulu. Akabaki shambani kwake nje ya Montevideo na Volkswagen yake ya 1987, sehemu kubwa ya mshahara anaigawa. Amefariki Mei 2025. Ukishaiona hiyo, kulalamikia nyaya za sebuleni utaona aibu.

MzeeTafakari:
Kijana, umefumbuliwa macho. Tumekuja mikono mitupu na tutaondoka mikono mitupu. Kizazi hiki kimefanywa mtumwa wa kununua, mtu ana simu mbili na hana rafiki mmoja wa kumpigia. Usirudi nyuma. Anayekucheka leo atakuja kukuomba siri yako kesho.

HamaHama:
Mimi nina uzoefu na hili maana tumehama sana. Kuna maboksi tuliyabeba kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kuyafungua. Mume wangu akasema, kama hatujayafungua muda wote huu maana yake hatuyahitaji, twende tukayatupe yalivyo. Nilikuwa karibu kukubali. Nikafungua la juu kabisa: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "usichokigusa hukihitaji" namwangalia tu. Kwa hiyo ushauri wangu, fungua kwanza. Kingine, anza na nguo zako mwenyewe, huko hutagombana na mtu.

SindanoNaUzi:
Mleta uzi, umeandika "nimeamua", "nimeshaanza". Lakini sebule umeiita "yetu". Huyo mwenzako anasemaje?

Mwanga_Hafifu:
Asante SitiYaNyuma, nitaitafuta. Mzee shikamoo, umenipa moyo sana.

Dada SindanoNaUzi, mke wangu kwa sasa hayupo, amekwenda kumuuguza mama yake. Simu tunapigiana vizuri tu. Ni mtu muelewa.

SindanoNaUzi:
Sikuuliza kama ni muelewa. Anajua?

Mwanga_Hafifu:
Anajua mimi ni mtu wa mabadiliko.

Kichekesho:
"Anajua mimi ni mtu wa mabadiliko." Mkuu, shemeji akifungua mlango akasikia mwangwi, utamwambia hiyo sentensi ukiwa umesimama upande gani?

FundiRedio:
Mmenikumbusha marehemu baba. Alikuwa haachi redio mbovu. Za watu, zake, za walioshindwa kulipa, zote zimepangwa ukutani. Mama alilalamika miaka yote. Baba alipofariki tukasema sasa tusafishe, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa. Akachagua moja, haiongei wala nini, akaiweka kichwani pa kitanda. Zile nyingine nilizirithi mimi na ndizo zilizonifundisha kazi. Sijui kama nimejibu swali.

SitiYaNyuma:
Hujajibu ila umeeleweka.

Mkuu Mwanga, kuhusu McCandless, usiishie kwenye muvi. Kijana alikufa Agosti 1992 huko Alaska ndani ya basi bovu, amebaki ngozi na mifupa. Baada ya kitabu cha Jon Krakauer cha 1996 na muvi ya Sean Penn ya 2007, watu wakaanza kwenda kulitafuta lile basi kama wanahiji. Wawili wamekufa maji kwenye mto Teklanika kwa nyakati tofauti, wengine wakaokolewa wakiwa hoi. Mwisho, Juni 2020, serikali ikaja na helikopta, ikalinyanyua na kuliondoa. Muvi nzuri sana ile, lakini ina picha za milima na muziki. Njaa haina muziki.

HamaHama:
Na alikuwa hana mke wala mtoto. Mleta uzi, hebu taja. Mpaka leo umetoa nini?

Mwanga_Hafifu:
Makochi, runinga, kabati la vyombo na vyombo vyake, mapazia mazito, baadhi ya vitabu vyangu, mashati, cherehani, meza ndogo. Siwezi kueleza wepesi ninaousikia nikipita hapo kati.

SindanoNaUzi:
Rudi nyuma kidogo. Cherehani ya nani?

Mwanga_Hafifu:
Ya nyumbani.

SindanoNaUzi:
Nyumbani hakushoni. Nani anakaa kwenye hiyo mashine?

Kichekesho:
Kikwazo ndiyo hicho kinaingia ukumbini, tusimame kwa heshima.

Mwanga_Hafifu:
Naona mnataka kunifanya mhalifu. Sawa, cherehani ni ya mke wangu. Anashonea watu. Lakini mnielewe. Kila siku analalamika mgongo kwa sababu ya hiyo mashine. Wateja wanamsumbua, hawalipi kwa wakati. Kabla ya kusafiri alikaa muda mrefu ameifunika. Na hela ya mauzo sikula hata senti, nimeipeleka kwenye kituo cha watoto yatima. Nia yangu ni njema. Hata Kasturba, mke wa Gandhi, mwanzoni alimpinga, baadaye akawa naye bega kwa bega. Mtu akibadilika ndani ya nyumba, lazima mmoja atangulie.

MzeeTafakari:
Hapa kijana mimi nanyamaza kidogo.

SindanoNaUzi:
Wewe usinitajie Kasturba. Ile muvi unaikumbuka pale anapomvuta mkewe kumtoa nje kwa sababu amegoma kusafisha choo? Dakika chache tu wameshapatana, maana muvi ina saa tatu na inabidi ifike India. Sasa kasome wasifu alioandika Gandhi mwenyewe. 1901 wanaondoka Afrika Kusini, Wahindi wa Natal wamewapa zawadi, ukiwemo mkufu wa dhahabu wa Kasturba. Gandhi akaamua vyote virudishwe viwe mali ya jamii. Kasturba akalia, akamuuliza ana haki gani na mkufu wake, na kwamba kama yeye Gandhi ameitumikia jamii basi naye amemtumikia Gandhi usiku na mchana. Gandhi alishinda, na anaandika bila kuficha kwamba ridhaa aliipata kwa kulazimisha. Angalau yeye alimwambia mkewe ana kwa ana. Hakusubiri asafiri.

Nakuuliza kama fundi sasa. Vitambaa vya wateja viko wapi? Daftari la vipimo liko wapi? Mashine ulimpa mtu na bobini zake na kisanduku cha sindano? Hiyo mashine mkeo ameizoea mguuni, anajua ikibadilisha mlio ni mkanda au ni uzi. Ukimnunulia nyingine mpya itamchukua muda kuelewana nayo. Halafu unasema kaifunika haitumiki. Mashine hufunikwa isiingie vumbi, kaka.

Mwanga_Hafifu:
Vitambaa viko kwenye mfuko, sijavigusa. Daftari sijui.

HamaHama:
Hujui!

Kipanga:
Subirini kwanza, mbona mnalia mapema? Nimesoma uzi tangu juu. Mtu katoa runinga, makochi na kabati. Lakini kwenye posti ya kwanza anatuambia kila akimaliza muvi anatazama sebule anaona bohari na kabati halifungi. Kabati lipi? Na muvi anaangalizia wapi? Halafu mke hayupo, mama mkwe mgonjwa, yatima wanasaidiwa, cherehani ya mjasiriamali inauzwa. Kila kitu kimekaa mahali pake kama kimepangwa. Hii ni chai, wakuu. Tena subirini, kesho atatuletea kiungo cha semina ya "badili maisha kwa vitu vichache".

Kichekesho:
Lo. Nilishaanza kumuonea huruma shemeji asiyekuwepo.

Mwanga_Hafifu:
Naangalia kwenye simu. Na kabati nilikuwa naeleza hali ya mwanzo, sio ya leo. Sina semina yoyote. Kama huamini si lazima uchangie.

Kipanga:
Weka picha ya sebule.

Mwanga_Hafifu:
Siweki picha ya nyumba yangu kwa watu nisiowajua.

Kipanga:
Chai.

FundiRedio:
Hata mimi nilipoandika habari za baba, kuna aliyenitumia ujumbe akaniuliza kama nimeitunga. Sasa nithibitishe vipi, niwapigie picha kitanda cha mama?

SindanoNaUzi:
Kipanga, mtunzi wa chai hujipendelea. Huyu kila akijibu anazidi kujichafua. Mwongo gani angeandika "daftari sijui"?

Kipanga:
Mtunzi mzuri ndivyo anavyofanya. Hizo muvi zenu mnazolilia ndiyo hivyohivyo. The Pursuit of Happyness, mtoto wa Chris Gardner, yule mwenye kisa chenyewe, kwa kweli alikuwa mdogo wa kubebwa wakati ule. Wakamweka mvulana mkubwa anayejua kuuliza maswali, tena mtoto wa Will Smith mwenyewe aliyemcheza Gardner, mkalia hadi mwisho. Mkaambiwa ni kisa cha kweli.

SitiYaNyuma:
Hilo ni kweli, ila Gardner mwenyewe anapita kwenye tukio la mwisho akiwa na suti, kwa hiyo aliridhia. Na muvi hiyo haikuhusu mambo ya vitu vichache, mleta uzi aliiweka kwa makosa. Yule alilala kwenye choo cha stesheni na mtoto kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Alipopata hela alinunua vitu kama mtu mwingine. Hata Mujica, jamani, yule hakuwa peke yake. Mkewe Lucía Topolansky naye alifungwa miaka mingi kwa harakati zilezile, na alipotoka waliishi vile wakiwa wamekubaliana. Mwanamke mwenyewe akaja kuwa makamu wa rais. Ukimwandika Mujica bila mkewe unapata nabii. Ukimweka na mkewe unapata watu wawili wenye msimamo mmoja.

MzeeTafakari:
Nimerudi. Chai au si chai, jambo lenyewe lipo kwenye nyumba nyingi. Nami niliwahi kutoa kitu kisicho changu nikaita sadaka. Sitaeleza zaidi.

Kichekesho:
Mzee, huwezi kutupa mlango halafu ukafunga. Kitu gani?

MzeeTafakari:
Nimesema sitaeleza.

HamaHama:
Turudi. Mleta uzi, shemeji anarudi lini?

Mwanga_Hafifu:
Jumamosi. Amenitumia ujumbe kwamba kuna mteja wa sare anamsubiri, ataanza kazi akifika tu.

Kichekesho:
Uuuwi.

SindanoNaUzi:
Aliyenunua unamjua?

Mwanga_Hafifu:
Namjua. Nimeshamgusia kiujanja. Amekubali kurudisha ila anataka hela yake yote na ya usafiri juu. Mimi ile hela nimeshaitoa, siwezi kwenda kituoni kuwanyang'anya watoto. Wala sioni kama ni lazima. Labda hii ndiyo nafasi yake ya kupumzisha mgongo.

HamaHama:
Nafasi yake ya kupumzika ataitafuta mwenyewe. Huna kitu chochote cha kuuza kilichobaki?

Mwanga_Hafifu:
Kuna baiskeli yangu. Na kamera.

Kichekesho:
KUMBE BAISKELI IPO!

HamaHama:
Na kamera! Mtu anaota wepesi, meza ndogo imetoka, kamera imebaki.

Mwanga_Hafifu:
Baiskeli naihitaji. Ni usafiri usio na gharama, unaendana kabisa na maisha ninayoyatafuta. Na kamera nina mpango nayo wa kurekodi safari hii.

Kipanga:
Naondoa neno langu. Hii si chai. Hakuna mtu anayeweza kutunga baiskeli na kamera.

SindanoNaUzi:
Uza kamera leo. Mpigie mkeo leo hiihii, kabla hajapanda gari, asije kugundulia mlangoni huku mteja anamsubiri. Mashine ukiifuata hakikisha unapewa na mkanda, bobini na kisanduku, na uisafirishe imesimama, usiilaze. Daftari la vipimo angalia kwenye droo ya ile meza ndogo uliyotoa.

Mwanga_Hafifu:
Meza ndogo nayo ilikwenda kwa mtu mwingine. Nitampigia.

Samahani SitiYaNyuma, ile ya Mujica ina maandishi ya tafsiri chini?

SitiYaNyuma:
Inayo. Ila iache mpaka Jumapili.